Nani Aliona Kipigo cha Khatib?

"Mama, Khatib leo anakula chakula cha mchana kwako. Mie ndiye niliyesema. Na nikisema miye, imekwisha!"

Hayo ni maneno ya Hamdan, fundi simu wa Konde, kijana mwenye kauli nyingi kuliko simu zilizowahi kupona mikononi mwake. Alimwambia Bi Moza asubuhi wakitoka Msuka, kidole juu kama mgombea wa uwakilishi, majirani wote wakisikia. Na wewe msomaji ulimwamini. Usinikatalie, uso wako nauona.

Wiki iliyopita tulimwacha ndani ya kile kituo kidogo cha polisi cha njia panda. Kaipiga kaunta kwa kiganja, kapaza sauti: "Nimekuja kumshitaki Koplo Kificho!" Na nyuma ya kaunta, mtu aliyekuwa kainama akifunga kamba za buti akaanza kuinuka.

Akainuka. Akazidi kuinuka. Kumbe mrefu.

"Umekuja kumshitaki nani?" aliuliza Koplo Kificho.

Kiganja cha Hamdan kilikuwa bado juu ya kaunta. Akakivuta taratibu, kama mtu anayefuta vumbi.

"Mie? Mie nimeleta salamu tu, afande. Habari za kazi?"

"Salamu!" Bi Moza alimsukuma pembeni kwa kiwiko. "Nipishe huko. Ndiyo, Kificho, tumekuja kukushitaki wewe. Umemvunja mwanangu taya, kisha ukamtia ndani. Huyu kama ulimi umemkauka, wangu bado mbichi."

Kwa uliyelikosa gazeti lililopita, kisa ni kifupi na kinatia hasira. Khatib, mtoto pekee wa Bi Moza, alikuwa kaanika karafuu za mamake uwanjani. Koplo Kificho kapita na gari, kataka pishi moja "ya kunusia." Khatib kakataa. Koplo kasema basi karafuu hizo ni za magendo. Khatib kauliza magendo gani yanayoanikwa mbele ya nyumba, kila mpita njia anayaona? Jibu lake lilikuwa ngumi, kisha buti, kisha gari ya polisi. Tangu siku hiyo yumo ndani.

Koplo hakukasirika, na hilo ndilo lililozidi kumchoma Bi Moza. Alikaa vizuri, akajinyoosha shati.

"Malalamiko juu ya askari anayapokea mkuu wa kituo, bibi. Mkuu wa kituo kenda likizo. Konstebo! Nani anakaimu?"

"Wewe, afande."

"Ala! Kumbe mimi mwenyewe. Haya, bibi, kaa kitako nikusikilize. Huyo Kificho kakufanya nini?"

Konstebo alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Nyuma ya mlango wa vyuma mtu akakohoa.

"Khatib?" aliita Bi Moza.

"Nipo, mama." Sauti ilikuja nzito, kama ya mtu mwenye tambara kinywani.

"Umekula?"

"Sitafuni, mama."

Bi Moza alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. Angeweza kuing'oa. Mimi ningemsaidia.

"Nipe fomu ya matibabu," alisema. "Hospitali wamesema hawamgusi mpaka waione PF3."

"PF3 ni ya mtu aliyepigwa, bibi. Mwanao kateleza. Siku ile si ilinyesha? Kateleza, kaangukia kizingiti. Tukimwandikia fomu kila anayeteleza Pemba hii, karatasi zitatosha?"

Ilipoadhiniwa adhuhuri, Khatib alikuwa bado nyuma ya chuma, mamake yuko nje juani, na yule aliyesema imekwisha alikuwa kajiegemeza ukutani, anajing'ata kucha. Imekwisha, eti!

*

Wakaenda kwa sheha.

Sheha Abrahman aliwapokea vizuri, akawakalisha kibarazani, akawapa na maji ya kunywa. Majirani nao walikuwa wamefuatana na Bi Moza, kibaraza kikajaa. Sheha akasikiliza mpaka mwisho, akaguna, kisha akatoa dawa yake.

"Mie naona tuyamalize kwa sulhu, Bi Moza. Koplo ni kijana tunayesali naye safu moja. Nitamwita. Ataleta sukari na mchele, tutasoma fatiha, mtapeana mikono. Na Khatib jioni hii hii anatoka."

Jioni hii hii! Hamdan aliruka. "Umesikia, mama? Si nilikwambia leo leo? Mchana, jioni, tofauti ndogo."

"Na taya?" aliuliza Bi Moza.

"Taya litaunga, inshallah."

"Kwa sukari?"

Sheha akakohoa.

"Nakuuliza, Sheha. Taya linaungwa kwa sukari au kwa mchele? Umepata kupigwa wewe, kisha ukaambiwa uushike mkono ule ule uliokupiga, useme yamekwisha? Mwanangu hatafuni! Kificho akishaitikia amina kibarazani kwako, kesho atasimamisha gari kwa jirani yangu Haroub atake pishi yake. Keshokutwa kwa Bi Mwanabaraka. Na siku ya pili yake, usinicheke, atakuja kwako!"

"Bi Moza, punguza sauti."

"Sipunguzi! Nimepunguza umri wangu mzima. Ndiyo maana hawa wamezoea."

Hapo mwanamke aliyekuwa kasimama mlangoni akisubiri muhuri wa sheha akaingilia. Alikuwa Mardhiya, msaidizi wa sheria wa shehia ile. Hulipwi kwa kazi hiyo, unalipwa dua na lawama.

"Samahani, Sheha, nimesikia bila ya kutegea. Bi Moza, ulikwenda kugonga mlango wa mwizi kumwambia umeibiwa. Hendi mtu kumshitaki askari kwa askari huyo huyo. Unampita juu. Nenda Wete, pale mkoani yuko afisa wa kupokea malalamiko ya raia. Unampa jina la askari. Ungekuwa hulijui, ungempa namba yake ya kifuani. Unaeleza siku, pahala, na alichofanya, bila ya kutia chumvi. Na barua ukiiacha, urudi na nakala iliyogongwa muhuri, wasije wakakwambia haijafika."

"Na fomu ya matibabu?"

"Wanaweza kukupa hapo hapo Wete. Nani kasema lazima aiandike aliyevunja taya? Na wakikuzungusha huko nako, uje kwangu. Iko tume ya haki za binadamu, tutaandika huko, na haitaki hata shilingi." Akamgeukia Bi Moza vizuri. "Lakini kitu kimoja watakuuliza kwanza. Nani kaona?"

Haroub akatazama dari. Bi Mwanabaraka akaufungua mtandio wake, akaufunga upya. Wote hao walikuwapo siku ile, majumba yao yanatazamana na la Bi Moza.

"Jamani," alisema Bi Moza. "Mchana kweupe. Hakuna hata mmoja?"

Hamdan hakupanga kusema. Nataka umwamini kwa hilo, kwa sababu baadaye hutomwamini kwa lolote. Ilikuwa ile sauti yake tu. Ilimtoka.

"Mie," alisema. "Mie niliona. Kwa macho yangu yote mawili."

Bi Moza akamshika mkono, akaubusu. "Allah akupe umri, mwanangu."

Na Haroub, na Bi Mwanabaraka, na wengine wote wakashusha pumzi kwa pamoja. Walifurahi. Walifurahi hasa.

Sasa nisogelee, msomaji, nikwambie kwa nini.

Siku ile, mkono wa Koplo ulipomfika Khatib shingoni, mvua ilishuka. Haikubisha hodi. Na wewe unamjua Mpemba akisikia tone juu ya jamvi la karafuu. Ikirowa inavunda, na ikivunda imevunda na mwaka mzima wa kuchuma na kuanika. Miguu haingoji ruhusa ya kichwa. "Anueni! Anueni!" Mtaa mzima ukageuza mgongo kwa pamoja, kila mtu kalirukia jamvi lake, anakunja, anakokota, anatia ndani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walipogeuka, karafuu zilikuwa salama na Khatib keshatupwa garini.

Utamwelezaje hayo mama wa mtu? Kwamba mwanao alikuwa anavunjwa taya na sisi tulikuwa tunaokoa karafuu?

Na Hamdan? Alikuwa uwanja ule ule, amekwenda kumsaidia rafiki yake kuanika. Akalikunja jamvi, akalitia kichwani, akakimbilia ndani. Uso wote ulikuwa umefunikwa na jamvi. Hakuona hata kivuli cha ngumi.

Bi Moza siku hiyo alikuwa mazikoni Micheweni. Aliporudi alikuta karafuu kavu chumbani na mwana hayupo.

*

Wete, Inspekta Asya, ndiye huyo afisa wa malalamiko, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miwani puani, meza yake haina hata chembe ya vumbi.

Hamdan alianza kama kawaida yake. "Afande, hizo nyota mabegani hazikuelemei?"

Inspekta alimtazama mpaka mzaha ukafa wenyewe.

"Ulisimama wapi?" aliuliza.

"Hapo hapo, afande. Baina yao."

"Baina ya nani na nani?"

"Khatib na Koplo. Nikamwambia Koplo: huyu mwache, kama una nguvu nipige mie!"

"Akakupiga?"

"Alitaka. Akaniangalia machoni, akaghairi."

Bi Moza alifuta machozi kwa ncha ya buibui. Mardhiya alikuwa kasema bila ya kutia chumvi, na Hamdan alikuwa keshamimina kiroba kizima. Inspekta aliandika yote, neno kwa neno, akamsomea, akamgeuzia karatasi. Hamdan akatia sahihi kubwa yenye mkia.

Kisha Inspekta akainua simu. "Koplo Kificho aje hapa, sasa. Aje na mahabusu wake. Sitaki kusikia gari haina mafuta."

Ungemwona Koplo alivyoingia! Buti zinang'aa, saluti imenyooka, ndiyo afande, siyo afande. Ule urefu wote sijui aliuacha wapi. Khatib aliwekwa nje ya mlango na konstebo, na Bi Moza akaambiwa atulie, atamwona.

"Ulimpiga kijana huyu?" aliuliza Inspekta.

"Sikumgusa kwa ukucha, afande. Mvua ilinyesha, kateleza."

"Yuko shahidi anayesema vyengine. Sikiliza." Akamsomea maelezo ya Hamdan, taratibu. Alipofika kwenye *akaniangalia machoni, akaghairi*, mishipa ya shingo ya Koplo ikasimama.

Koplo Kificho angevumilia kuitwa katili. Labda nyumbani kwake huitwa hivyo akacheka. Lakini kuambiwa kaogopa macho ya fundi simu, hilo lilimshinda.

"Muongo mkubwa huyu!" alipiga kelele. "Baina yetu? Huyu? Afande, ngumi ya kwanza haijatua, yeye keshatia jamvi kichwani anakimbia! Nilimcheka mimi mwenyewe!"

Feni ilizunguka. Inspekta alishusha kalamu.

"Ngumi ya kwanza," alisema Inspekta Asya.

"Afande?"

"Umesema ya kwanza, Koplo. Nieleze na ya pili."

Bi Moza aliinua mikono juu. "Alhamdulillah! Kasema mwenyewe! Kwa ulimi wake mwenyewe!"

Hapo, ndugu msomaji, mtu mwenye akili anyamaze. Kesi imejipika yenyewe, imejipakua yenyewe, kilichobaki ni kunawa mikono. Lakini unamjua Hamdan. Kuitwa mwoga mbele ya Bi Moza, mbele ya afande mwanamke, tena na mtu aliyemcheka!

"Muongo yeye!" alisimama. "Wallahi nilisimama! Sikukimbia mie! Wallahi tena!"

"Kijana kaapa, afande," alisema Bi Moza, mkono wa Hamdan umo mkononi mwake. "Umesikia. Na mie nikitoka hapa nakwenda kusomesha halbadiri. Aliyempiga mwanangu imshukie, na anayesema uongo juu ya kipigo cha mwanangu imshukie vile vile!"

Halbadiri! Kisomo ambacho mwizi akisikia kinapangwa tu, mbuzi anamrudisha mwenyewe na kamba yake. Hamdan alijaribu kuuchomoa mkono wake mkononi mwa Bi Moza, haukutoka.

Inspekta aliwatazama mmoja mmoja, Koplo, Hamdan, Koplo tena.

"Mmoja anasema alisimama, mwengine anasema alikimbia. Aliyekuwa chini ndiye atakayejua. Mleteni Khatib."

Khatib aliingia akishika mlango. Taya lilikuwa limefungwa kwa kipande cha shati lake mwenyewe, kutoka chini ya kidevu mpaka utosini. Jicho moja halifunguki. Mamake alitoa sauti ambayo sitoiandika.

Inspekta Asya hakumuuliza kitu. Alitoa PF3 kwenye mtoto wa meza, akaiandika pale pale, akapiga muhuri kwa nguvu hata kikombe cha chai kikaruka. Akampa Bi Moza mkononi.

"Kwanza hii. Gari ya kumpeleka hospitali ipo chini. Khatib, swali moja tu, kisha nenda. Siku ile Hamdan alikuwa wapi?"

Nyuma ya bega la Bi Moza, Hamdan alifanya kila alichoweza kwa uso. Aliinua nyusi. Alikonyeza. Alitikisa kichwa kidogo kidogo, ndiyo, ndiyo, sema ndiyo. Neno moja tu, yakhe.

Lakini huyu ndiye Khatib. Huyu ndiye aliyeweza kutoa pishi moja ya karafuu akabaki na taya lake zima, na hakutaka.

"Nilimwita," alisema.

"Ulimwita nani?"

"Hamdan." Kila neno alilisukuma kwa tabu baina ya meno yasiyofunguka. "Koplo aliponikamata shingo nilimwita. Nikamwita tena. Alikuwa anakunja jamvi. Akanambia, ngoja kwanza, nnakuja."

Bi Moza aliuachia mkono wa Hamdan. Hakuutupa. Aliuweka mbali naye, kama unavyoweka kikombe cha mtu mwengine.

"Jamvi la nani?" aliuliza.

"Lako, mama," alisema Khatib. "Karafuu zote kaziwahi. Haikurowa hata moja."

Kwenye kona, Koplo Kificho alianza kurefuka tena. "Afande, kama shahidi wao wa pekee kala kiapo cha uongo, hayo malalamiko si..."

"Nyamaza, zamu yako bado." Inspekta Asya alisukuma karatasi juu ya meza mpaka ikamgusa Hamdan vidole. "Bwana Hamdan, kutoa maelezo ya uongo mbele ya polisi ni kosa, na mtu analala ndani kwa hilo. Sahihi hii ni yako?"

Hamdan aliufunika ule mkia wa sahihi kwa kidole. Kidole kile kile cha asubuhi, cha imekwisha!

"Mjibu, mwanangu," alisema Bi Moza, na hakumtazama. "Na mie nasikiliza."